Mlango wa PC: nani anaingia, anaingia lini, na sisi wa Mombasa tumesimama wapi

Hii ndo hotuba niliyotoa Jumamosi kwa wenye mabanda ya PS, yaani PlayStation, na vijana wa gemu, juu ya Sony, wenye PlayStation, kupeleka gemu zao kwenye PC, yaani kompyuta. Wengi mmeniandikia mlikosa, wengine foleni ya kivuko, wengine kazi, kwa hivyo naiweka yote vile nilivyoizungumza, bila zile picha za ukutani.

Assalaam alaykum. Hamjambo nyote. Wazee mliokuja na watoto wenu ahsanteni sana, maana mzee kuacha baraza lake Jumamosi jioni aje kusikiliza mambo ya gemu si jambo dogo. Kina dada kule nyuma sogeeni mbele, viti viko na feni iko huku.

Nataka nianze na banda langu. Wale wa Kisauni mnalikumbuka, mabati juu, tivii nne zile nene za zamani, PS2 nne, na feni moja ambayo kila mtu alitaka kukaa chini yake. Mtoto anakuja na shilingi 10, anashika pedi, anacheza mechi moja ya mpira, akifungwa anampisha mwenzake, akishinda anakaa. Basi. Na lile banda ndilo lililonifundisha biashara ya konsoli, hizi mashine za gemu, kabla sijasoma chochote juu yake. Jirani yangu alikuwa na banda zuri kuliko langu, wallahi, mashine mpya, viti vya plastiki vya kuegemea, lakini hakuwa na CD ya mpira ya mwaka ule, na watoto walikuwa wanapita mlangoni kwake bila hata kugeuza shingo, wanakuja kwangu kukaa kwenye benchi la mbao. Walikuwa wanafuata nini? Mashine? Hapana. Gemu. Mtoto hafuati mashine, mtoto anafuata gemu.

Sasa niwaulize swali ambalo limenikalisha macho usiku mwingi. Kama mtu anafuata gemu, na mimi ndo mwenye gemu, kwa nini nichukue CD yangu nikampe jirani aweke kwenye banda lake? Kwa nini? Manake hivo ndivyo Sony walivyofanya. Agosti 2020 walichukua Horizon Zero Dawn, gemu yao wenyewe, imetengenezwa na studio yao wenyewe ya Guerrilla kule Amsterdam, gemu iliyotoka 2017 kwa PS4 peke yake na watu wakanunua PS4 kwa sababu yake, wakaiweka kwenye Steam, duka la gemu za kompyuta mtandaoni la kampuni ya Valve, acheze yeyote mwenye kompyuta. Watu walishtuka. Wengine walikasirika kabisa, wakasema sisi tulinunua mashine ya nini basi?

Hebu tuifungue taratibu, maana humu ndani mna biashara ambayo inatugusa sisi hapa hapa Mombasa.

Kwanza tujue konsoli inaliwa vipi. Mwenye konsoli hali kwenye mashine. PS3 ilipotoka 2006 Marekani iliuzwa dola 499 na nyengine 599, na watu walilia na bei, lakini hata kwa bei ile Sony walikuwa wanauza chini ya gharama ya kuitengeneza. Unauza kwa hasara kwa sababu gani? Kwa sababu ukishaiweka ile mashine sebuleni kwa mtu, kila gemu itakayonunuliwa dukani kwako na wewe unakata chako, kama asilimia 30 hivi. Yaani wewe ni mwenye nyumba, na wenye gemu wote ni wapangaji wako. Mwenye nyumba hafanyi haraka, anajua mwisho wa mwezi utafika.

Sasa ukipeleka gemu yako Steam, nani mwenye nyumba? Valve. Valve nao wanakata asilimia 30, na tangu 2018 wanapunguza ikiwa gemu imeuza sana, ikipita dola milioni 10 wanakata 25, ikipita milioni 50 wanakata 20. Lakini wanakata. Mwenye nyumba amekuwa mpangaji! Mnauona uzito wake? Kampuni iliyojenga nyumba yake miaka na miaka inabeba godoro inakwenda kupanga kwa mtu. Hilo halifanyiki bila sababu.

Sababu kubwa ni gharama. Mwaka 2023 kulikuwa na kesi kule Marekani, serikali inapinga Microsoft, wenye Xbox, kununua kampuni ya gemu ya Activision, na kwenye karatasi za mahakama kuna namba za gharama za Sony ambazo zilifutwa vibaya kwa kalamu, watu wakazisoma. The Last of Us Part II, karibu dola milioni 220. Horizon Forbidden West, milioni 212. Gemu moja! Sasa kama wenye PS5 wote wanaotaka hiyo gemu wameshanunua, hizo pesa nyengine utazitoa wapi?

Na hapa ndo nataka niwapeleke Kongowea. Wangapi humu wamewahi kusimama belo ya mitumba ikikatwa? Inueni mikono. Eeh, wengi. Mimi mamangu mdogo ameuza mitumba pale, na nikiwa mdogo nilikuwa nambebea. Alfajiri belo inakatwa, wale wa kamera wamesimama tayari, wanachagua shati safi, jinsi isiyo na doa, na wanalipa bei ya kamera bila kuteta kwa sababu wanajua mwenzao akitangulia wamekosa. Jua likipanda wanakuja wengine, bei imeshuka. Alasiri inabaki ya fagia, rundo moja bei moja, na yule mama wa watoto sita ndo anapata nafasi yake. Shati lile lile la belo ile ile. Na mamangu mdogo alikuwa ananiambia, mwanangu, belo nimeshailipa asubuhi, kila shati linalotoka baada ya hapo ni kheri.

Gemu ni belo. Zile dola milioni 200 zimeshatoka. Kuihamisha kwenda PC ni sehemu ndogo tu ya gharama ya kuitengeneza, hasa tangu 2013, maana PS3 ilikuwa na chipu yake ya ajabu, Cell, mafundi walitoka jasho nayo, lakini PS4 na PS5 ndani yake ni chipu za AMD, ni ndugu wa kompyuta hii hii iliyoko mezani kwako. Kwa hivyo wenye PlayStation ni watu wa kamera, wanapata siku ya kwanza kwa bei ya kwanza. Wenye PC wanakuja jua limepanda.

Lakini sikilizeni, mamangu mdogo alikuwa na hofu moja. Watu wa kamera wakigundua shati litakalouzwa saa sita ni zuri vile vile, na saa sita si mbali, watalala. Hawataamka alfajiri. Na hiyo ndo hofu ya Sony mpaka leo, na ukitaka kuipima angalia umbali wenyewe. Horizon ilingoja miaka mitatu na nusu. God of War ilitoka Aprili 2018 ikafika PC Januari 2022, karibu miaka minne. Lakini God of War Ragnarök imetoka Novemba 2022 ikafika PC Septemba 2024, haikumaliza hata miaka miwili. Spider-Man 2, Oktoba 2023 mpaka Januari 2025, miezi 15. Saa sita ilizidi kusogea alfajiri. Mimi naona wamefanya vizuri kusogeza, na nitawaambia kwa nini baadaye, lakini yule aliyelipa bei ya kamera ana haki yake ya kunung'unika, simlaumu.

Haya. Pesa ni nusu tu ya jambo. Nusu ya pili ni chambo.

Wale mliovua na mshipi pale chini ya Fort Jesus mnajua, hutupi dagaa kwa sababu umechoka na dagaa. Unatupa dagaa kwa sababu unataka changu. Sasa angalieni tarehe, tarehe haziongopi. Horizon ya kwanza imetua PC Agosti 2020, na ya pili ilikuwa imeshatangazwa Juni mwaka huo huo, kwa PlayStation. God of War ya 2018 imetua PC Januari 2022, Ragnarök ikatoka Novemba mwaka huo, kwa PlayStation peke yake. Spider-Man ya kwanza PC Agosti 2022, ya pili Oktoba 2023, PlayStation peke yake. Mnaona mshipi? Unacheza ya kwanza kwenye kompyuta yako, unaimaliza, hadithi imekushika roho, na mwisho wa hadithi uko wapi? Uko kwenye mashine yao. Na hawakuficha, Hermen Hulst ambaye leo ni mmoja wa wakuu wa PlayStation amewaambia wenye hisa waziwazi mwaka 2024, gemu kubwa za hadithi zitakuja PC baadaye, na wanatumaini mwenye PC akionja moja atataka konsoli kwa ajili ya inayofuata.

Na chambo kiliuma? Mwaka wa fedha ulioisha Machi 2021 PC iliwaingizia kama dola milioni 35. Mwaka uliofuata milioni 80. Kisha wakapiga hesabu ya milioni 300 kwa mwaka wa mbele yake. Horizon peke yake kufikia Machi 2022 ilikuwa imeuza karibu nakala milioni 2.4 kwenye PC. Gemu ya zamani hiyo! Watu walikuwa wamesimama mlangoni miaka, wanangoja tu kufunguliwa.

Ila chambo kikiwa kimeoza samaki anakitema. Na hapa lazima niseme ukweli bila kuuma maneno. Machi 2023 waliitoa The Last of Us Part I kwenye PC, na muda ulikuwa wa dhahabu, ile tamthilia ya HBO ya hadithi hiyo hiyo, msimu wake wa kwanza umemalizika Machi 12 na dunia nzima inalia na Joel na Ellie, gemu ikatoka Machi 28. Watu ambao hawajawahi kugusa gemu za PlayStation walikuwa wanaitaka. Na ilitoka mbovu. Inakwama, inajifunga yenyewe, inasubirisha watu muda mrefu kabla hata ya kuanza, watengenezaji wakatoa apdeti juu ya apdeti. Mgeni amekuja kwako mara ya kwanza na umempa wali mbichi. Atarudi?

Wacha niwaeleze hii kitu ya kusubiri maana nimeiona kwa macho, kwenye gemu nyengine sitaitaja. Konsoli zote zinafanana, PS5 yangu na yako ni moja, kwa hivyo mtengenezaji anaandaa kila kitu kiwandani. Kompyuta hazifanani. Huyu ana kadi ya grafiki, ile inayochora picha kwenye kioo, ya mwaka huu, yule ana ya miaka minane, kwa hivyo gemu ikifika kwako mara ya kwanza inabidi ijipikie vitu vyake vya mwanga na kivuli upya, kwa kadi yako wewe, wenyewe wanaziita sheda. Kijana mmoja aliniletea kompyuta yake dukani, ananiambia ammi, mashine imekufa. Nikaiwasha. Mstari mweupe chini ya kioo, asilimia 11. Tukanywa chai. Asilimia 19. Feni inalia kama mashine ya kusaga nazi, nikaweka kiganja juu ya kesi, moto, nikakitoa haraka. Kijana anakodoa mstari ule, anataka kuuzima, nikamshika mkono nikamwambia wacha, haijafa hiyo, inapika. Ilipofika 100 ni magharibi inaadhiniwa. Na ile kompyuta alikuwa ameinunua duka moja hapa mjini, sitataja, wakamwambia inacheza kila kitu, na kumbe kadi yake ilikuwa imeshachomwa na kazi nyengine kabla ya kufika kwake. Kwa hivyo gemu ina lawama yake, na muuzaji ana lawama yake, na anayeumia ni mmoja.

Sony walilijua hili ndo maana Julai 2021 walinunua studio ya Nixxes, kule Utrecht, Uholanzi, watu ambao kazi yao ni kuhamisha gemu kwenda PC na wameifanya miaka mingi. Spider-Man ya PC ni kazi yao, na ilitoka nzuri. Horizon Forbidden West ya PC pia waliishika wao, Machi 2024, na ilitoka vizuri sana. Fundi ni fundi.

Sasa tufike kwenye lililonileta hapa. Naomba utulivu kidogo, watoto.

Februari 8 mwaka 2024 Sony walifanya kitu kikubwa. Helldivers 2, imetengenezwa na Arrowhead wa Stockholm, gemu ya kucheza wanne wanne mtandaoni, ikatoka PS5 na PC siku moja. Siku moja! Hakuna kamera hakuna fagia, kila mtu alfajiri. Na bei dola 40, si 70. Kwa sababu gemu ya namna hii chakula chake ni watu, ukiwa peke yako uwanjani hakuna mechi, kwa hivyo unafungua milango yote kwa pamoja. Na watu walimiminika, Steam peke yake walipita 450,000 wakicheza kwa wakati mmoja, kwa wiki 12 zikauzwa nakala milioni 12, hakuna gemu ya PlayStation iliyowahi kwenda kasi hiyo. Wanafunzi, madaktari, madereva wa matatu, wote wamekuwa jeshi moja wanapigana na wadudu.

Halafu Mei 3 likatoka tangazo. Mwenye PC lazima aunge akaunti ya PSN, ule mtandao wa PlayStation wa Sony, la sivyo hachezi. Sharti lenyewe lilikuwa limeandikwa tangu mwanzo lakini halikulazimishwa kwa sababu seva zilizidiwa, kwa hivyo watu walikuwa wanacheza miezi mitatu bila hiyo akaunti. Na PSN iko nchi ngapi? Kenya imo? Nawauliza tena, Kenya imo? Haimo. Tanzania haimo. Uganda haimo. Kusini mwa Sahara ni Afrika Kusini basi. Wenzetu wanaofungua hizo akaunti huku wanajaza kwamba wanaishi Uingereza au Marekani, mtoto wa Majengo anaandika anuani ya mji ambao hajawahi kuuona, ili aruhusiwe kucheza gemu aliyoilipia kwa pesa yake.

Nataka niwe muadilifu, nieleze kwa nini wanaitaka hiyo akaunti. Kuna mama anakaanga viazi karai mtaani kwetu. Akiuza mwenyewe barazani anamjua kila mtu, huyu hapendi pilipili, huyu analipa Ijumaa, huyu ana harusi mwezi ujao atataka viazi vya watu 50. Akianza kumpelekea mwenye kantini, viazi vinaisha haraka zaidi, lakini anayewajua wale wateja ni mwenye kantini. Mama hana hata jina moja. Siku kantini ikibadilisha mpishi, mama hana mteja. Steam ndo kantini. Sony wanauza pale lakini daftari la majina liko kwa Valve, na wao wanataka daftari lao. Hiyo ni akili ya biashara na mimi nikiwa wao ningeitaka pia.

Lakini kuna tofauti kubwa, ndugu zangu, kubwa sana, kati ya kumwambia mteja niandikie jina lako na kumwambia mteja niandikie jina lako kwenye daftari ambalo nchi yako haina ukurasa. Huyo mteja afanye nini? Aongope? Au aondoke?

Watu waliondoka, na walipiga kelele wakiondoka. Siku chache tu riviu mbaya zikapita laki mbili kwenye Steam. Gemu ikaondolewa kuuzwa nchi zaidi ya 170. Zaidi ya 170! Hiyo si nchi mbili tatu zilizosahaulika, hiyo ni sehemu kubwa ya dunia. Na Mei 6 Sony wakarudi nyuma, wakasema sharti limefutwa. Siku tatu. Wachezaji wa kawaida wameiondoa kampuni kubwa kwenye msimamo wake kwa siku tatu. Lakini lile la kuuzwa halikurudi hapo hapo, na baada ya hapo Ghost of Tsushima ikaja PC ikiwa imefungiwa nchi nyingi vile vile, na Septemba ikaja Ragnarök, gemu ya hadithi, ya mtu mmoja, Kratos, na mwanawe, huchezi na mtu yeyote mtandaoni, na bado wakataka PSN. Ya nini? Kratos anataka kujua mimi nimejiandikisha wapi?

Hapo ndipo niliposema nitawaambia kwa nini naona wamefanya vizuri kusogeza saa. Kwa sababu saa si tatizo letu. Sisi tunajua kungoja. Nimeona mtu anangoja gemu miaka minne na siku ikifika anaicheza kama imetoka jana. Ukimwambia mtu wa Mombasa ngoja, atangoja. Ukimwambia wewe humo, huyo umempoteza, na nduguye pia, na yule mtoto anayechungulia dirishani.

Na walijifunza, niwape haki yao. Januari 2025 wakatangaza PSN itakuwa hiari kwenye gemu kadhaa za PC, Spider-Man 2, Ragnarök, The Last of Us Part II, Horizon ile iliyopambwa upya. Ukiunga akaunti unapewa zawadi, nguo za Spider-Man, mavazi ya kivita ya Kratos, vitu kama hivyo. Usipounga unacheza tu. Hiyo sasa ndo biashara! Unamvuta mtu kwa halua, humfungii mlango.

Na msidhani kutoa PC siku moja na konsoli ni dawa ya kila kitu. Agosti 23 mwaka 2024 walitoa Concord, PS5 na PC pamoja, dola 40 vile vile, na Septemba 6 wameizima, wiki mbili, watu wakarudishiwa pesa zao. Milango yote ilikuwa wazi na hakuna aliyeingia. Mtoto anafuata gemu, nilisema, na ile haikuwa gemu aliyokuwa anaifuata.

Wenzao je? Kwa ufupi. Microsoft tangu 2016 wanatoa gemu zao Xbox na Windows pamoja, na wao inawafaa kwa sababu Windows ni yao, ni nyumba yao ya pili. Nintendo hawatoi chochote PC, kabisa, na Switch imepita milioni 150, kwa hivyo huwezi kuwaambia wamekosea. Sony wako katikati, mguu mmoja chomboni mmoja gatini, na ndo maana maamuzi yao yanayumba.

Sasa nyinyi wenye mabanda, maana najua mmekuja na swali moja tu mfukoni, ninunue konsoli au kompyuta? Nitawaambia ninavyoona mimi. Kama wateja wako ni wa mpira, baki na konsoli, pedi mbili na tivii, hapo hakuna kinachoishinda. Lakini weka kompyuta moja. Moja tu, ya ofisi ya mitumba, uiongeze kadi ya grafiki na umeme wa kutosha, na kadi uijaribu mbele ya muuzaji nusu saa nzima ikicheza, si dakika mbili. Steam haina bei ya shilingi, utalipa dola kwa kadi ya M-Pesa ya GlobalPay au ya benki, kwa hivyo ngoja wakati wa punguzo, Horizon na God of War zinashuka sana. Na jueni kitu kimoja ambacho wengi hawasomi, akaunti ya kawaida ya Steam ni ya matumizi binafsi, si ya kukodisha kwa dakika. Valve wana mpango wa mabanda ya kompyuta, unaitwa PC Café, usomeni kabla ya kuanza, tusije tukadai haki zetu huku tunakanyaga za wengine.

Nimalizie na kijana mmoja wa Mtongwe. Nitamwita kijana tu, yuko humu ndani na ana haya. Alikuja kwangu 2022 kufanya kazi ya simu, vioo na betri, na jioni nilikuwa namwachia kompyuta ya dukani. Akaikuta Horizon Zero Dawn. Alikuwa anavuka kivuko asubuhi anaongea habari za Aloy, yule shujaa wa hiyo gemu, anarudi jioni anaongea habari za Aloy. Alipoimaliza alikaa kimya, kisha akaniuliza, ammi, ya pili iko wapi? Nikamwambia iko PlayStation. Akaniuliza PS5 bei gani, nikamwambia. Akachukua bisibisi akarudi kwenye simu yake.

Sony walikuwa wanatarajia hapo anunue mashine. Hakuwa na pesa ya mashine, na hata angekuwa nayo nchi yake haina ukurasa kwenye daftari. Lakini hakuacha. Kila mwezi alikuwa anaweka kidogo kwenye simu. Forbidden West ilipotoka PC, Machi 2024, bila kulazimishwa akaunti, alikuwa na karibu elfu nane tayari, na ndo bei yake ilikuwa hiyo. Akainunua siku ya kwanza. Bei ya kamera. Gemu yenyewe ni zaidi ya jibii 100, kwa hivyo tuliiacha ijidaunlodi usiku kucha kwa intaneti ya duka, na yeye hakwenda Mtongwe usiku ule, alilala kwenye mkeka chini ya meza, na kila nikiamka kuangalia kama umeme upo namkuta macho wazi anasoma asilimia. Saa kumi na moja na robo alfajiri akanigusa bega.

Ammi, akaniambia, imefika.